Imeingia? Namna ya Kulipa na Kulipwa Kwenye Kibanda cha Chakula

Leo somo tunalipeleka kibandani, pale unapokula chapo madondo saa saba mchana, ama viazi karai jioni ukitoka kazini. Malipo ya hapo ni madogo: shilingi 30 za chai na mandazi, 80 za chakula cha mchana, 150 ukiwa umealika rafiki. Kwa sababu ni madogo, wengi wetu huyafanya haraka haraka, simu mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Kisha tunainuka na kuuliza huku tumeshageuka kwenda: "Mathe, imeingia?"

Swali hilo la neno moja ndilo somo lote la leo. Likijibiwa vizuri, kila mtu anaenda zake akiwa na haki yake. Likijibiwa ovyo, mtu mmoja amekula bure na mwingine amepika bure.

Ukimaliza kusoma utakuwa umejua mambo matatu: kwa nini shilingi 80 ni nzito kwa muuzaji kuliko zilivyo kwako, hatua za kulipa ambazo hazimdhulumu mtu, na kama wewe ndiwe mwenye kibanda, namna ya kulinda pesa yako bila kukosana na wateja.

1. Kwanza tazama mikono

Tuzunguke kidogo. Asubuhi Gikomba, Nairobi, jua halijachomoza vizuri na mama wa chai ameshawasha jiko. Mkono mmoja unamimina chai, mwingine unageuza mandazi kwenye mafuta. Mchana ukienda Industrial Area utakuta mama wa chapati amekaa nyuma ya kaango, unga umemfika viwikoni, na foleni ya wafanyakazi walio na nusu saa tu ya kula. Jioni kwenye mitaa, jamaa wa mutura ana kisu mkono huu na kipande cha mutura mkono ule, anakata juu ya ubao wenye chumvi na pilipili, na mwanga alio nao ni wa jiko tu.

Teremka Mombasa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai na mishkaki, mvuke na moshi kila upande. Ukipunga upepo Mama Ngina utakuta wauza mihogo ya kukaanga wakinyunyiza pilipili na ndimu, na muuza madafu ambaye panga halimtoki mkononi. Huko Kisumu, ufuoni Dunga, samaki unamchagua mwenyewe, mnaelewana bei, ndipo anaingia kwenye mafuta.

Umeona kitu? Hakuna hata mmoja kati yao aliye na mkono mkavu wa kushika simu. Simu iko mfukoni mwa aproni, ama ndani ya mkebe wa pesa, ama ameshikiwa na mtoto anayemsaidia. Ndiyo maana mara nyingi ukiuliza "imeingia?" anakujibu "sawa, asante" hata kabla hajaangalia. Si kwamba ameiona. Ana chapati inayoungua na watu sita nyuma yako, na anaona haya kukufanya usubiri.

Na mtu anayetaka kula bure anaijua saa hiyo. Haji wakati kibanda kimetulia. Anakuja foleni ikiwa ndefu ama giza likiwa limeingia, akiwa na haraka: "Mathe, nimetuma, matatu imejaa, wacha niende." Kwa hivyo jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: wewe ndiwe uliye na mkono mtupu. Ukisubiri sekunde chache mpaka apanguse mikono, umemfanyia kazi ambayo yeye peke yake haiwezi.

2. Hesabu ya sufuria moja

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe badilisha ulingane na mtaa wako.

Tuseme mama wa chapati ananunua hivi kwa siku moja:

- Unga wa ngano, pakiti 3 za kilo 2, kila moja shilingi 180: 540
- Mafuta ya kupikia: 300
- Maharagwe kilo 2: 300
- Makaa: 150
- Kitunguu, nyanya, chumvi: 100
- Maji: 30
- Ushuru wa siku: 50

Jumla shilingi 1,470. Na hapo hatujaweka kodi ya nafasi, vibali vya kaunti, cheti cha afya ambacho mpishi wa chakula cha watu anatakiwa awe nacho, wala jasho lake mwenyewe.

Akiuza chapati 60 kwa shilingi 20, anapata 1,200. Sahani 20 za maharagwe kwa shilingi 40, anapata 800. Mauzo yote ni 2,000. Ukitoa 1,470, kinachobaki ni shilingi 530.

Sasa chukua mteja mmoja. Amekula chapati mbili na sahani ya maharagwe, shilingi 80. Katika hizo 80, faida ya mama ni kama shilingi 21 tu. Zile nyingine 59 ni unga, mafuta, makaa na maharagwe ambayo tayari alishalipia.

Mteja huyo akiondoka bila pesa kuingia, mama hakupoteza faida ya 21. Amepoteza 80 nzima. Na ili azirudishe kwa faida ya 21 kwa kila sahani, inabidi auzie karibu watu wanne wengine. Watu wanne wanakula na kulipa vizuri ili kufidia mmoja aliyesema "nimetuma" na hakutuma. Wakiwa wawili kwa siku, zile 530 zinakuwa 370. Kesho yake ananunua pakiti mbili za unga badala ya tatu. Wateja wa mwisho wanakosa chapati, wanahamia kibanda cha jirani. Mtaji huanza kuliwa hivyo, pole pole, bila kelele.

Kwako wewe 80 ni pesa ya kusahau. Kwake ni unga wa kesho.

3. Hatua tano za mteja

Hizi hatua hazichukui hata dakika moja ukizizoea.

*Hatua ya kwanza: uliza nambari, usikisie.* Vibanda vingine vina nambari ya biashara, ile watu huita till. Vingine vinatumia nambari ya simu ya kawaida. Uliza: "Mama, nalipia wapi?" Usitegemee ile nambari uliyoihifadhi mwaka jana. Laini hubadilishwa, na kibanda hubadilisha mwenyewe.

*Hatua ya pili: soma jina kwa sauti.* Kabla malipo hayajakamilika, simu hukuonyesha jina la anayelipwa. Lisome, kisha muulize kama ndilo. Pengine jina ni la binti yake, ama la aliyesajili biashara, na hiyo si shida mradi yeye mwenyewe amekubali. Hatua hii ni muhimu zaidi pale nambari imebandikwa kwenye karatasi ukutani. Kuna watu hupita na kubandika karatasi yenye nambari yao juu ya ile ya muuzaji. Pesa yako inatoka, chakula umekula, lakini imekwenda kwa mtu mwingine kabisa.

*Hatua ya tatu: hakikisha kiasi.* Sifuri moja ikizidi, 80 inakuwa 800. Ikipungua, 80 inakuwa 8. Kwa samaki ama nyama ya kuchoma, ambapo bei ni ya kuelewana, mkubaliane kabla chakula hakijaingia jikoni, si baada ya kula.

*Hatua ya nne: kaa hapo mpaka aseme ameiona.* Si "sawa" ya haraka. Mwambie tu kwa upole: "Pangusa mikono mama, angalia kwanza, nasubiri." Maneno hayo ni adabu kubwa. Yanamwondolea haya ya kukuuliza.

*Hatua ya tano: usitumie njia ya kurejesha pesa kama silaha.* Njia ya kuomba muamala urudishwe iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda mahali pasipo pake. Mtu anayelipa chakula, akala, kisha akifika stejini anaomba pesa irudishwe, amemwibia yule mama. Kama chakula kilikuwa na kasoro, rudi umwambie ana kwa ana, mmalizane hapo.

Kisha kuna suala la ada. Ukituma kwa nambari ya simu ya kawaida, kulingana na kiasi, unaweza kukatwa ada ya kutuma, naye akakatwa ada ya kutoa akienda kwa wakala. Ukilipa kwa nambari ya biashara, kwa kawaida mteja hakatwi. Angalia orodha ya ada ndani ya programu kabla ya kusema "niongezee ya kutoa", ama kabla ya kukataa kuiongeza. Wengi wetu tulizoea kulipa vitu vidogo kwa simu mwaka 2020, wakati wa korona, ada za kutuma hadi shilingi 1,000 zilipoondolewa tangu Machi hadi mwisho wa Desemba. Muda ule uliisha, tabia ikabaki. Kwa hivyo ni vizuri kujua leo unakatwa nini.

4. Kwa mwenye kibanda: kuangalia si kumdharau mteja

Mama, mzee, dada, kaka uliye nyuma ya jiko, sehemu hii ni yako.

Wauzaji wengi huona aibu kumwambia mteja asubiri. Unaogopa ataona humwamini, na kesho hatarudi. Lakini fikiria keshia wa supamaketi. Kila mteja anasubiri risiti na hakuna anayekasirika, kwa sababu inafanywa kwa kila mtu. Siri iko hapo. Ukiangalia simu kwa wengine na usiangalie kwa wengine, ndipo mtu huhisi ameshukiwa. Ukiangalia kwa wote, hata kwa chifu na kwa binamu yako, inakuwa ni desturi ya kibanda.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

- *Angalia salio ama orodha ya miamala, usiamini meseji peke yake.* Meseji ya uongo inaweza kuandikwa ikafanana na ya kweli. Mara nyingi imetoka kwa nambari ya simu ya mtu badala ya jina la kampuni, ama salio lililoandikwa halilingani na lako. Salio halisi halidanganyi: kama halikuongezeka, pesa haijaingia.

- *Meseji iliyo kwenye simu ya mteja si malipo.* Anaweza kukuonyesha ya jana, ama ya kibanda kingine. Akikuonyesha, soma tarehe, saa, kiasi na jina. Kisha bado uangalie simu yako.

- *Usimpe mtu simu yako "akusaidie kuangalia".* Kama una msaidizi kibandani, mpangie kazi hiyo: huyu anapika, yule anashika simu. Ukiwa peke yako, weka kitambaa kikavu karibu na simu, na uiweke mahali unapoiona bila kuacha jiko.

- *Nambari ya siri ni yako peke yako.* Hata sisi hatutakupigia kukuuliza. Anayekupigia na kuiuliza, hata akijua jina lako lote, ni mwizi.

- *Ukipigiwa na mtu anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa,* usimtumie wewe mwenyewe kutoka mfukoni mwako. Angalia salio kwanza. Kama kweli iliingia, mwambie afuate njia rasmi ya kurejesha muamala kwa kampuni yake. Hila ya kawaida ni hii: hakutuma kitu, alituma meseji ya uongo, na unachomrudishia ni pesa yako halali.

- *Angalia karatasi yako ya nambari kila asubuhi.* Pitisha kidole juu yake. Kama kuna karatasi juu ya karatasi, ing'oe.

Ukiweza, tenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani. Nambari ya biashara inakusaidia hapo: karo ya mtoto haichanganyiki na pesa ya unga. Inakusaidia pia kwa jambo ambalo wanawake wengi wa vibandani wanalijua. Ukilipwa kwa nambari yako ya simu, kila aliyekula ameondoka na nambari yako, na wengine hupiga saa nne usiku kwa mambo yasiyo ya chakula. Na upande wa pili, wewe nawe usizitumie nambari za wateja kwa mambo ambayo hawakukubali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nambari ya simu ya mtu ni data yake.

Jambo la mwisho: si lazima utoe pesa yote kwa wakala kila jioni. Kama muuza unga na muuza makaa wanakubali simu, walipe moja kwa moja. Unaepuka ada ya kutoa, hutembei na noti usiku, na kila ununuzi unabaki na kumbukumbu.

5. Pesa ikichelewa

Kuna siku mtandao unasumbua. Mteja ameweka nambari ya siri, simu yake imenyamaza, ya mama pia imenyamaza. Hapo ndipo watu wazuri hugombana. Fanyeni hivi:

1. Mteja asilipe mara ya pili papo hapo. Aangalie salio lake kwanza. Kama halijapungua, pesa haijatoka, na anaweza kujaribu tena ama kulipa taslimu.

2. Kama salio limepungua na mteja amepata meseji, amsomee mama nambari ya muamala, ile mchanganyiko wa herufi na tarakimu iliyo ndani ya meseji. Mama aiandike kwenye daftari pamoja na kiasi na saa.

3. Mama aangalie tena salio lake baada ya dakika chache. Mara nyingi ni meseji iliyochelewa, pesa yenyewe ilishaingia.

4. Ikiwa bado, mteja apige simu huduma kwa wateja kwa nambari iliyo ndani ya programu, si nambari aliyoikuta mitandaoni. Ile nambari ya muamala ndiyo itakayotafutwa.

Kumbuka kwamba mteja anayekubali kuandikwa daftarini hana la kuficha. Anayekataa na kukimbilia matatu amekwambia jambo.

6. Deni nalo liandikwe

Hatuwezi kuzungumza kuhusu vibanda tukaacha deni. Utaona bango limeandikwa "Mkopo kesho", lakini nyuma ya bango hilo kuna daftari lenye majina. Mjengoni hajalipwa mpaka Jumamosi, na bila sahani ya mama hawezi kubeba mawe. Mama anampikia, anamwandikia. Hiyo ni imani, na imelisha watu wengi katika miji yetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina, tarehe, kiasi. Akilipa kwa simu, andika pia nambari ya muamala kando ya deni lake, halafu lifute mbele yake. Na wewe uliyekopeshwa, ukipata pesa Jumamosi, anza na mama wa kibanda. Tumeona hesabu yake. Deni la siku tano la 80 ni shilingi 400, na yeye anabaki na 530 kwa siku.

7. Jaribu wiki hii

Kama wewe ni mteja: chagua kibanda kimoja unachokula mara kwa mara. Kwa siku tano, soma jina kwa sauti kabla ya kulipa, na usiondoke mpaka muuzaji aangalie simu yake. Mtu anayekulisha kila siku, jua jina lake na umwamkue kabla hujaagiza.

Kama wewe ni muuzaji: kila jioni kabla ya kufunga, linganisha miamala iliyo kwenye simu na sahani ulizouza. Andika ni ngapi hazikuingia. Zidisha kwa bei ya sahani. Ukishaiona pesa hiyo kwa wiki nzima, haya ya kumwambia mteja "subiri kidogo niangalie" itakutoka yenyewe.

Na mtakapokutana wawili hao, mmoja akauliza "Imeingia?", jibu sahihi ni "Ngoja niangalie." Halafu kimya kidogo, mikono inapanguswa, simu inatazamwa. "Imeingia. Asante, karibu tena."

Somo lijalo tutaangalia namna ya kutenga pesa ya hisa kila siku kabla haijatumika. Mpaka hapo, kula vizuri, lipa vizuri.